Karani wa Mpwapwa

Wenzangu kijiweni wakisikia Shaaban Robert wanapiga miayo. Ati mzee wa mawaidha. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoisoma upya Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, safari hii bila mtihani.

Nilisomea stesheni ya Kidete, wilayani Kilosa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kumuuguza mama mwaka ule ule nilioitwa chuo cha ualimu. Mwaka ukawa mitatu. Mama akapona, nafasi haikurudi. Basi nilitaka kitabu cha kunifariji, au walau cha kulia pamoja nami.

Shaaban hakunipa hata kimoja. Kazaliwa 1909, kamaliza shule Dar es Salaam 1926, kisha karani: forodhani miaka nenda rudi, halafu idara ya mifugo Mpwapwa katikati ya miaka ya 1940, halafu Tanga. Sasa, anayekwenda Mpwapwa kwa reli hushukia Gulwe, na treni ikitoka Kilosa haifiki Gulwe bila kupita hapa kwetu. Nilipoliwaza hilo nilifunga kitabu nikatazama reli. Bingwa wa lugha, na mchana kutwa yuko na makaratasi ya serikali ya kikoloni! Nikamvizia: sasa atasema angependa kuwa nani. Wapi! Anaeleza kazi, uhamisho, ndoa, msiba, watoto, huyo anasonga mbele.

Kwanza nilidhani ni woga. Siku hizi ugomvi wangu naye uko kwingine, kwenye tenzi mbili zilizomo humo: Hati kwa binti yake, Adili kwa mwanawe. Hapo baba anafunga hesabu mapema mno. Yaliyompata yeye yanageuka amri za mtoto. Amani ya hivyo siiamini, bwana. Ninamwamini kwenye nathari, pale anaposema alifanya nini akaishia hapo, bila kuipamba kazi wala kuitukana.

Mweke kando ya Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya 1974. Kazimoto kaipata chuo kikuu, njia kubwa kuliko ile niliyoililia mimi, na bado anaishia kujiua. Sisi chipukizi tunampenda Kazimoto kwa sababu anaongea kama sisi. Mimi mwenyewe nina daftari zima la hadithi ambamo kila kijana ni yeye, kahamishiwa Kilosa tu. Nimezisoma tena juzi. Wote wanalaumu dunia, hakuna hata mmoja anayechemsha uji.

Jaribu wewe, mwandishi mwenzangu: andika miaka mitatu ya kuchota maji na kufua mashuka usiku, usijihurumie, usijisifu. Nimeandika kurasa nne, nikachana zote nne. Ya tano ninayo bado. Inaanza na mama, amelala chali, ananiuliza kama treni imeshapita.