Kibuyu cha Mganda Hakipulizwi
Ngoma ya mganda, ichezwayo Songea na pande za Ziwa Nyasa, iliiga gwaride na bendi za askari wa kikoloni. Kibuyu kikashika nafasi ya tarumbeta. Kwa hiyo husemwa kwamba wachezaji “hupuliza” vibuyu. Neno hilo halifai.

Apulizaye baragumu hutetemesha midomo yake. Mchezaji wa mganda huimba ndani ya kibuyu: kitetemekacho kwanza ni nyuzi za sauti kooni mwake, kisha utando mwembamba wa buibui ulioziba tundu. Akiimba kwa mitetemo 220 kwa sekunde, utando hufuata 220 ile ile. Haubadili kidatu, bali huikoleza mitetemo ya juu, 440, 660 na kuendelea. Huo ndio mkwaruzo ambao mgeni hudhani ni wa shaba. (Mwenye shaka na apumue tu kibuyuni, mkwaruzo hautasikika.)

“Kupiga” kungekuwa na udhuru, maana Kiswahili hupiga ngoma, zeze, hata zumari, bila kutaja sauti yatoka wapi. “Kupuliza” hutaja, tena hukosea. Afadhali kamusi iandike: huimbia kibuyuni.