Kupima Muziki wa Vita kwa Sikio la Kwaya

Aliyekulia kwenye kwaya za Upareni huupenda haraka muziki wa vita wa Kisovieti: besi ni nzito, tarumbeta ni tele. Ila ukubwa wa sauti huficha udhaifu mwingi. Mwalimu wa kwaya wa Maore au Same anayetaka kuuhukumu autegee sikio mahali panne. Kwanza aiache spika ya simu, maana huimeza besi. Atumie sabufa au spika za masikioni.

Marudio. Katika Simfoni ya 7 ya Dmitri Shostakovich, wimbo mwepesi wa gwaride unarudiwa tena na tena juu ya ngoma ndogo isiyobadili mapigo. Fidla huanza kwa sauti ya chini, filimbi hufuata, mwishowe tarumbeta na tromboni hulipuka. Wimbo ni uleule, lakini kilichokuwa mchezo sasa kinatisha. Marudio yasiyobadili maana ni kujaza muda tu. Kazi hii ilipigwa Leningrad tarehe 9 Agosti 1942, mji ukiwa umezingirwa na wapigaji wamedhoofishwa na njaa. Waheshimu, lakini alama zitoe kwa kile unachokisikia.

Besi. Simfoni ya 13 ya Shostakovich (1962) ina mwimbaji mmoja wa besi na kwaya ya besi tupu; sehemu ya kwanza inawalilia Wayahudi waliouawa Babi Yar, Kyiv, mwaka 1941. Wanakwaya huimba kwa sehemu kubwa sauti moja. Aliyezoea sauti nne asidhani ni umaskini: hapa hakuna alto wala tenor wa kuficha matamshi mabovu. Kwaya inayounguruma huku maneno yakipotea imeshindwa.

Sauti pekee. Katika kantata *Alexander Nevsky* ya Sergei Prokofiev (1939), baada ya kishindo cha mapigano mwanamke mmoja anatembea kati ya maiti. Mwimbaji bora haigizi kilio. Hushikilia pumzi, huzuni ikabaki kwa msikilizaji.

Mwisho. Kantata hiyo hufunga kwa shangwe. Simfoni ya 8 ya Shostakovich (1943) hufifia bila ushindi. Njia zote mbili ni halali, mradi wafu wasisahauliwe. Nyimbo zetu za Vita vya Kagera vya 1978–79 zipimwe vivyo hivyo. Kama beti zote zinamzomea nduli Idi Amin wa Uganda na askari aliyeanguka hana hata ubeti mmoja, punguza alama, hata ukumbi mzima ukiwa umesimama unapiga vigelegele.