Nani Aliyesema Insulini ni Ufunguo?

Kuna tashbihi moja nimeichoka. Iko kwenye mabango ya kliniki, iko kwenye vitabu vya shule, iko kwenye video ambazo jamaa hutumiana WhatsApp: insulini ni ufunguo, seli ni nyumba, sukari imesimama nje inangoja kufunguliwa. Ukiwa na kisukari, ama ufunguo umepotea ama kufuli limeshika kutu. Basi. Mgonjwa anaitikia kwa kichwa, anapewa vidonge vyake, anarudi nyumbani.

Mimi si daktari. Nilisoma baiolojia chuoni kwa muda kisha nikaacha, na sasa naandika. Lakini tashbihi ni mali yetu sisi tunaokaa na mashairi na hadithi, na ikiwa mbovu tuna haki ya kuikosoa popote ilipobandikwa, hata kwenye ukuta wa zahanati.

Hii ya ufunguo ni kongwe kuliko insulini yenyewe. Mwaka 1894 mkemia wa Ujerumani, Emil Fischer, alisema kimeng'enya na sukari yake huingiana kama ufunguo na kufuli. Alikuwa akizungumzia umbo, basi. Insulini ikagunduliwa Toronto mwaka 1921, baadaye ikavishwa picha hiyo. Kwa mtoto ambaye kongosho lake limeacha kutoa insulini, yaani kisukari cha aina ya kwanza, picha inafaa kiasi: ufunguo hakuna, sindano inauleta. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni inapopelekwa vilevile kwa watu wa aina ya pili, ambao ndio wengi, na ambao miaka ya mwanzo mara nyingi wana insulini tele kwenye damu.

Bibi yangu hapa Chundwa ni mmoja wao. Asubuhi moja alipimwa akiwa hajatia kitu kinywani tangu isha, sukari ikawa juu. Mhudumu akamtazama, akamwambia, "Bibi, wewe usiku umekula." Akaapa hakula. Nani amsikize? Ukiamini hadithi ya ufunguo, sukari ya damu ina asili moja tu, nayo ni mdomo. Tukarudi nyumbani, mama akahamisha kopo la halua na tende juu ya kabati, na kwa miezi mizima mwanamke aliyelea watoto saba akawa anaangaliwa kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Sasa tazama jambo ambalo bango halisemi. Ini ni ghala na pia ni jiko. Usiku, mtu akiwa amelala, ini hutoa sukari na kuimimina kwenye damu ili ubongo usife njaa. Karibu na alfajiri homoni kama kotisoli huliambia liongeze. Insulini kazi yake kubwa kwenye ini ni kuliambia, "Punguza, inatosha." Haifungui mlango wowote pale; sukari hupita kwenye seli za ini bila ruhusa yake. Kwa mgonjwa wa aina ya pili, agizo hilo linafika likiwa hafifu, ini linaendelea kupika usiku kucha, na mtu anaamka na sukari ya juu bila kugusa hata tende moja. Ile metformini anayomeza bibi, kazi yake kuu ni huko kwenye ini. Kufuli haliguswi kabisa.

Yaani ufunguo unamfanya mgonjwa mwongo. Hiyo ndiyo kesi yangu.

Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 1978 akitaka magonjwa yavuliwe sitiari zote. Namheshimu, lakini hapa hatufiki. Ukiondoa sitiari kwenye elimu ya seli utabaki na nini? Ishara, kipokezi, njia (sisi huku twasema ndia), vyote ni maneno ya watu wanaoitana. Earl Sutherland alichunguza jinsi homoni inavyolifanya ini litoe sukari, akakuta homoni inabaki nje ya seli na ndani kuna kitu kingine kinachobeba habari. Akakiita mjumbe wa pili, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Neno mjumbe hapo si pambo. Ndiyo hoja yenyewe.

Kwa hiyo tuchague sitiari ya wito. Mimi nachagua mbiu. Na kwani si kisiwa hiki cha Pate kilichokuwa na siwa ya pembe ya ndovu? Insulini ni mbiu. Inapigwa mara moja, inasikika mji mzima, na kila nyumba inafanya lake: ini linazima jiko, seli za mafuta zinaacha kutoa mafuta, misuli inaleta milango. Ndiyo, inaleta. Mwaka 1980 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha kwa seli za mafuta za panya kwamba vipitishio vya sukari havikai ukutani wakingoja ufunguo. Vimehifadhiwa ndani, na insulini ikiita vinasukumwa hadi ukingoni kama mashua zinazotolewa mtoni kuja gatini. Ugonjwa basi hauko kwenye tundu la kufuli. Kipokezi kinasikia, lakini ndani, habari inapopitishwa kutoka protini moja hadi nyingine, inafifia. Mafuta yaliyojaa ndani ya seli za misuli na ini ni sababu mojawapo. Kongosho nalo, likiona hakuna anayeitika, linapiga mbiu kwa nguvu zaidi, miaka na miaka, hadi mpigaji mwenyewe anachoka.

Wengine huita hali hii usugu wa insulini. Neno baya jingine. Kwa Kiswahili mtu sugu ni mtu aliyeonywa akakataa, na bibi hakukataa kitu. Afadhali useme mwili umepungua usikivu.

Mbiu yangu nayo ina mahali inaposhindwa. Msuli unapofanya kazi, kuvuta maji kisimani, kupanda kwa miguu kwenda shamba, unaleta milango yake ukingoni bila kungoja insulini, kwa ndia nyingine kabisa, hata kwa mtu ambaye mwili wake hausikii tena mbiu vizuri. Bibi hushuka shambani kwenye minazi kila baada ya alasiri, na sukari yake ya jioni huwa afadhali kuliko ya asubuhi. Hapo hakuna aliyepiga mbiu, na picha ya kueleza hilo bado sijaipata.