Mursik Iliyoiva: Mwongozo wa Mnunuzi

Kabla hujauliza bei ya mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kibuyuni, kule sokoni Ziwa, omba kibuyu kifunguliwe, kisha unuse. Ukali wa maziwa haya hutokana na asidi ya laktiki, ambayo bakteria huitengeneza polepole kutoka kwenye sukari ya maziwa. Wakiifanya kazi hiyo huacha harufu inayokaribia siagi, na kibuyu huongeza ya moshi. Asidi ya sitriki, zile chenga nyeupe ambazo pwani huitwa ndimu ya unga, haina harufu. Ina heshima yake: huipa juisi ukali, husaidia jemu kushika, hugandisha jibini ya paneer kwa dakika chache. Ila maziwa yaliyotiwa ndimu ya unga yameganda tu, hayajaiva.

Baada ya pua, tazama mgando. Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.7, yakishuka hadi 4.6 hivi, protini ya kasini hushikana. Ubora wote umo katika mwendo wa kushuka huko. Asidi ikimwagwa kwa ghafla, unapata mabonge yenye chengachenga na maji ya kijani-manjano yaliyojitenga. Yakichacha yenyewe, mgando huwa laini na mzito. Maji kidogo yakielea juu ya maziwa katika kibuyu kilichokaa, usishtuke. Kikitikiswa vizuri yatarudi ndani.

Sasa makaa yanayopakwa ndani ya kibuyu, na hapa ndipo ninapokuwa mgumu. Mti unaopendwa na Wakalenjin wengi kwa makaa hayo ni senetwet, ule wenye maua ya manjano yanayosimama wima. Kibuyu, yaani sotet, huoshwa na kukaushwa kabisa, kisha kaa lenye moto huingizwa na kusagwa ukutani kwa sosiot, ufito wa mtende uliochanuliwa ncha. Vumbi lililozidi hukung'utwa nje. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa. Kazi hii ikifanywa kwa makini, mursik hutoka na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na ulimi hauhisi mchanga. Ukiona vipande vyeusi vinazama chini ya glasi, makaa hayakusagwa, yalitupwa tu.

Onja kidogo na usimeze upesi. Ukali wa sitriki huchoma mara moja na kutoweka. Wa laktiki ni mpole, huja nyuma na kukaa, na uchungu mdogo wa moshi hufuata. Siku 3 hadi 5 hutoa mursik ya kumpa mgeni asiyezoea. Nyanda hizi za juu zina usiku wa baridi, kwa hiyo uchachu huenda taratibu, na mimi naipenda zaidi ikiingia wiki ya pili. Lile funda analonyweshwa mwanariadha anaporudi na medali usilipime kwa vigezo hivi. Lile ni la heshima.

Ukungu wa waridi, au manyoya meusi mdomoni mwa kibuyu, ukatae bila mjadala. Tena uliza, "Mama, maziwa yalichemshwa?" kwa kuwa bakteria wa ugonjwa wa brusela hupita katika maziwa mabichi, na uchachu peke yake si kinga ya kutegemea. Akijibu bila kusita, na akakutajia pia mti aliochomea makaa, mpe chupa yako aijaze.