Wito wa Ugenini na Wito wa Nyumbani: Kuisoma Upya Shajara ya William Carey

Mwanafunzi anayeingia katika darasa la historia ya umisheni kwa kawaida hufika akiwa amekwisha kumjua William Carey. Amesikia katika mahubiri kwamba fundi viatu huyu wa Kiingereza ndiye baba wa umisheni wa Kiprotestanti wa nyakati hizi. Amesikia habari za Biblia alizozitafsiri katika lugha za Bara Hindi, na ramani ya dunia aliyoitundika ukutani mahali alipokuwa akishona viatu. Jambo asilokuwa amefanya ni kumsoma. Nami sina budi kukiri kwamba kwa miaka kadhaa nilimfundisha Carey kwa kutegemea wasifu ulioandikwa na wengine, kabla sijakaa chini kuyasoma maandishi yake mwenyewe. Maandishi hayo ni kitabu chake kidogo cha mwaka 1792, shajara aliyoandika tangu mwaka 1793 hadi 1795, na barua zake. Shajara na barua nyingi zilikusanywa na Terry G. Carter na kuchapishwa kwa pamoja mwaka 2000, hivyo leo hakuna udhuru kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi.

Tuanze na kile kitabu kidogo, maana ndicho kilichoanzisha yote. Carey alikizaliwa mwaka 1761 katika kijiji cha Paulerspury, akabatizwa kwa kuzamishwa katika mto Nene mwaka 1783, na wakati alipokuwa mchungaji wa usharika wa Kibaptisti mjini Leicester alichapisha uchunguzi wa kurasa 87 juu ya wajibu wa Wakristo kutumia njia ili mataifa wapate kuongolewa. Neno la kuzingatia hapa ni “njia”. Wahubiri wengi wa siku zake walidai kwamba Mungu akitaka kuwaokoa mataifa atafanya hivyo mwenyewe, na kwamba agizo la Mathayo 28 liliwahusu mitume tu. Carey anajibu kwa utulivu mkubwa. Ikiwa agizo la kwenda lilikoma kwa mitume, basi agizo la kubatiza nalo lilikoma, na ahadi ya Bwana kuwa pamoja na watu wake nayo ilikoma. Tena, ikiwa wafanya biashara huvuka bahari kwa ajili ya faida ya ngozi chache za fisi-maji, Mkristo anawezaje kusema kwamba umbali unamzuia?

Sisi Walutheri tusome sehemu hii kwa unyenyekevu. Mwaka 1652 kitivo cha theolojia cha Wittenberg kilitoa jibu kwamba mitume walikwisha kuihubiri Injili duniani kote, kwa hiyo kanisa halikuwa tena na deni hilo kwa mataifa. Makosa aliyoyapinga Mbaptisti huyu yalikuwa makosa yetu pia. Lakini katika kitabu kicho hicho Carey anawataja watu waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Tranquebar mwaka 1706, yaani Ziegenbalg na wenzake, ambao walikuwa Walutheri. Anawataja pia ndugu wa Moravia. Mtu aliyeitwa baba wa umisheni alijua vema kwamba yeye mwenyewe alikuwa na baba zake.

Sehemu ya tatu ya kitabu ni majedwali. Nchi moja baada ya nyingine inapangwa: urefu wake, upana wake, idadi ya watu, dini yao. Mwishoni anakadiria kwamba dunia ina watu milioni 731, na kwamba milioni 420 kati yao wako katika giza la upagani. Wanafunzi huziruka kurasa hizi, nami huwazuia. Huyu ni mchungaji maskini, tena fundi viatu, ambaye usiku anajumlisha watu wa visiwa ambavyo hatavifikia kamwe. Kwake hesabu ilikuwa namna ya kuomba. Hata hivyo jedwali huonyesha yale tu ambayo safu zake zimeruhusu, na hapo ndipo shajara inapotuletea shida.

Mkewe aliitwa Dorothy Plackett. Walifunga ndoa mwaka 1781, na katika kitabu cha ndoa aliweka alama tu kwa sababu hakujua kuandika. Watoto wao wawili wa kike walikuwa wamekwisha kufariki Uingereza. Carey alipojitolea kwenda Bengal, Dorothy alikataa. Alikuwa karibu kujifungua na hakuwa amewahi kuishi mbali na kwao. Carey akaondoka na mtoto wao mkubwa, Felix, pamoja na daktari John Thomas. Safari yao ikakwama kabla ya kuiacha Uingereza, nao wakarudi kumsihi. Dorothy alikubali kwa sharti kwamba dada yake Catherine afuatane naye, na Juni 13, 1793, wakapanda meli ya Kidenmarki pamoja na mtoto mchanga wa majuma machache. Siku hiyohiyo Carey anaanza shajara yake.

Kurasa za mwanzo zina unyofu ambao sijauona katika maandishi mengi ya wamisionari. Carey haandiki ili asifiwe. Analalamika kwamba roho yake ni baridi, kwamba sala zake ni kavu, kwamba siku nzima imepita bila faida. Walipofika karibu na Calcutta fedha zilikwisha upesi, kwa kuwa Thomas hakuwa mtu wa kutunza fedha. Watoto wakaugua kuhara damu, na mama yao naye akaugua. Hapo ndipo mke na shemeji wanapoingia katika shajara: wananung’unika juu ya chakula na makao, na Carey anaandika kwa huzuni kwamba hawana moyo wa kazi hii, na kwamba yeye hana rafiki ila Mungu.

Niliposoma kurasa hizo mara ya kwanza nilimhurumia. Mara ya pili nilijiuliza kwa nini mke mgonjwa mwenye mtoto mchanga, katika nchi ngeni, anaonekana hapa kama kikwazo cha sala ya mumewe. Sidhani kwamba jibu ni ugumu wa moyo. Kwa maoni yangu jibu limo katika kitabu ambacho Carey anakitaja mara kwa mara na kujipima kwacho, nacho ni shajara ya David Brainerd, mmisionari kati ya Wahindi wa Marekani, iliyotolewa na Jonathan Edwards mwaka 1749. Brainerd alifariki mwaka 1747 akiwa na umri wa miaka 29, bila mke wala mtoto. Ndani ya shajara yake wapo wawili tu, nafsi yake na Mungu, na nje yao iko kazi. Carey, mume na baba wa watoto wanne, aliiazima kalamu ya kijana asiyeoa akajaribu kuandikia nayo maisha yake. Ndani ya umbo hilo nyumba haina mahali pa kukaa. Inaweza kuingia kwa namna moja tu, kama kelele inayokatiza sala.

Mwaka 1794 Carey alipata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mtoto wao Peter, mwenye umri wa miaka mitano, alifariki kwa ugonjwa wa kuhara. Baba, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa, anaeleza jinsi ilivyokuwa vigumu kupata mtu wa kuchimba kaburi na kubeba maiti, kwa kuwa watu wa pale waliogopa kupoteza tabaka lao. Mwanafunzi wa dini za Bara Hindi atajifunza mengi hapo. Lakini mtafute mama wa mtoto. Mwaka uliofuata akili ya Dorothy ilivurugika. Alishikwa na dhana kwamba mumewe si mwaminifu katika ndoa, akamfuata na kumshutumu mbele za watu, na tangu hapo ilibidi mara nyingi afungiwe chumbani. Hakupona hadi kufa kwake Desemba 1807.

Waandishi wa wasifu wamegawanyika juu ya jambo hili. George Smith, aliyeandika mwaka 1885, anamfanya Dorothy kuwa mzigo ambao mtakatifu aliubeba kwa saburi. James Beck, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alimrudishia mama huyu jina lake na historia yake, na kwa hilo tunamshukuru. Baada ya Beck wapo waliokwenda mbali zaidi, wakamfanya Carey kuwa mtu katili. Hao siwaungi mkono. Carey alimtunza mkewe chini ya dari lake mpaka mwisho, na sehemu ya kazi yake ya tafsiri aliifanya huku mkewe akipiga kelele katika chumba cha pili. Mtu katili asingevumilia hivyo. Kosa ninaloliona mimi ni la theolojia kuliko la tabia, na ndiyo maana linatuhusu.

Carey alikuwa na mafundisho yenye nguvu juu ya wajibu wa kanisa kwa mataifa. Hakuwa na mafundisho yenye nguvu ileile juu ya nyumba kama mahali pa wito. Katika andiko lake la mwaka 1522 kuhusu ndoa, Luther anamweka mbele yetu baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka, na kusema kwamba Mungu na malaika wanamfurahia, kwa kuwa anafanya kazi hiyo katika imani. Kwa Luther, kazi hiyo haiji baada ya huduma wala haiikatizi huduma. Nayo ni huduma. Mtume naye, katika 1 Timotheo 3, anaitaja nyumba ya askofu kabla hajalikabidhi kanisa mikononi mwake.

Kila ninapofundisha hivi, yuko mwanafunzi anayesimama na Luka 14:26. Je, Bwana hakusema kwamba mwanafunzi wake hana budi kumchukia hata mke? Ni swali la haki. Lakini mstari huohuo unataja pia nafsi ya mtu mwenyewe, na yule anayetoa nafsi yake hawezi kuhesabu nafsi ya mwenzake kuwa sadaka yake. Tusome pia Marko 7, habari ya korbani, ambapo Bwana anawakemea watu wanaomwekea Mungu wakfu kile ambacho ni haki ya baba na mama. Dorothy alikwisha kusema hapana. Baadaye alisema ndiyo, akiwa na kichanga mikononi na watu wawili wamesimama mlangoni wakiwa na haraka ya kuiwahi meli. Ni ndiyo ya namna gani hiyo?

Ndugu msomaji ataona kwamba siandiki kama mtu aliye nje ya jambo hili. Katika usharika wangu wa kwanza nilijaza kila mwisho wa mwaka fomu ya taarifa: waliobatizwa, waliobarikiwa, walioshiriki Chakula cha Bwana, sadaka. Mwaka mmoja nilijaza fomu hiyo kwa furaha, kwa kuwa hesabu zilikuwa zimepanda. Mwaka huohuo mke wangu alikuwa ameugua miezi mitatu, nami katika juma baya kuliko yote nilikuwa kijiji cha mbali kwenye semina ya wainjilisti. Alihudumiwa na akina mama wa jirani. Fomu haikuwa na safu ya habari hizo, wala mimi sikuona kwamba imepungukiwa. Niliona hivyo miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikiyasoma majedwali ya mwaka 1792.

Sehemu iliyo bora zaidi ya habari hii haimo katika shajara, kwa kuwa ilikuwa imekoma. Mwaka 1800 Carey alihamia Serampore, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Denmark, ambako serikali ya Kilutheri iliwapa Wabaptisti hawa hifadhi waliyoikosa kwa Waingereza wenzao. Hapo aliishi pamoja na familia ya Joshua na Hannah Marshman na William Ward, wakila meza moja na kutumia mfuko mmoja, utaratibu ambao waliuandika katika mapatano yao ya mwaka 1805. Watoto wa Carey walikuwa wamekua bila malezi. Ward ndiye aliyewachukua wakubwa wawili, Felix na William, akawaongoza, na Hannah Marshman, aliyekuwa akiendesha shule, ndiye aliyebeba kazi za nyumba ile kubwa na kumwangalia Dorothy. Desemba 28, 1800, Krishna Pal alibatizwa katika mto Hooghly pamoja na Felix. Siku hiyo ya shangwe Dorothy alikuwa amefungiwa, na John Thomas vilevile, kwa kuwa furaha ya kumpata mwongofu wa kwanza ilikuwa imemvuruga akili. Agano Jipya la Kibengali lilitoka mwaka uliofuata. Tunapohesabu matunda ya Carey, jina la Hannah Marshman liandikwe karibu zaidi na la kwake kuliko tulivyozoea.

Barua nazo zinatupa mtu mwingine kidogo. Humo anaomba mbegu za mimea kutoka Uingereza, anauliza habari za dada zake, anawaonya na kuwatia moyo watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Umbo la barua lina mahali pa watu wengine, kwa sababu barua daima huandikwa kwa mtu. Kwa hiyo ninaona kwamba mwalimu anayewapa wanafunzi shajara peke yake anawapa Carey aliye mpweke kuliko alivyokuwa, na anayewapa kitabu cha 1792 peke yake anawapa mipango bila gharama. Yote matatu yasomwe kwa pamoja, na kitabu cha Beck kiwe kando yake. Katika darasa langu zoezi la kwanza sasa ni hili: kuzisoma kurasa za Januari 1794, kisha kuandika barua moja ambayo Dorothy, asiyejua kuandika, angemwomba dada yake amwandikie mama yao. Mwaka jana wanafunzi wawili waliokuwa wameoa waliomba ruhusa ya kwenda kuifanyia kazi hiyo nyumbani.