Musajja Mukulu

Kuna maneno mawili ya Kiganda ambayo hata Mkongomani asiyejua kununua nyanya kwa Kiganda anayajua, mradi amewahi kusimama pembeni ya uwanja hapa Kampala: musajja mukulu. Mwanaume mzima. Kelele hiyo anapigiwa kijana wa shule akishafunga goli, zaidi akiwa na ndevu, na zaidi tena akiwa na jina ambalo mtangazaji analitamka akijikwaa. Katika kijarida hiki wenzangu wanachambua mashairi na filamu. Mimi naomba nichambue maoni ya mashabiki wa mpira wa shule. Hiyo ndiyo fasihi ninayoisikia kila wiki, tena bure, na ndani yake kuna sentensi moja mbaya inayowagharimu vijana ninaofanya nao kazi.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa Nakivale au Kyangwali, na kwa wafanyakazi wa mashirika waliofika juzi: mpira wa sekondari Uganda si mambo ya watoto. Mashindano ya taifa, ambayo miaka mingi watu waliyaita Copa kwa sababu ya kampuni ya soda iliyoyadhamini, yanakusanya shule za nchi nzima katika mji mmoja, mechi karibu kila siku, mpaka miguu inakataa. Hakuna shule iliyobeba kombe hilo mara nyingi kuliko St. Mary's Kitende, kule barabara ya Entebbe. Mwenyewe ni Lawrence Mulindwa, aliyekuwa rais wa FUFA kuanzia 2005 hadi 2013, na ndiye huyo huyo mwenye klabu ya Vipers. Uwanja wa Kitende ulifunguliwa 2017, na mwaka 2021 Namboole ilipokuwa haitumiki, timu ya taifa ilichezea pale mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Hebu fikiria shule iliyo jirani na uwanja wa namna hiyo, halafu kumbuka ile yako yenye mpira mmoja ulioshonwa mara tatu.

Upande mwingine wako Kibuli, shule ya mlimani, iliyoanzishwa na Waislamu miaka ya 1940 kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kitende na Kibuli zikikutana, watu ambao hawajawahi kulipa karo hata ya muhula mmoja katika shule hizo wanagombana kama ndugu kwenye urithi.

Old Kampala tunaangalia kwa mbali, lakini tunabishana kwa karibu. Huu mlima umezoea wageni. Lugard alijenga ngome yake hapa 1890. Sekondari ya Old Kampala ilikuwa shule ya Wahindi kabla ya Amin kuwafukuza Waasia 1972. Msikiti mkubwa ulioanzishwa wakati wa Amin ulikuja kumalizwa kwa pesa za Gaddafi, naye mwenyewe akaja kuufungua 2008. Leo ukipita asubuhi unakuta foleni yetu sisi, watu wa karatasi, Wakongomani, Waeritrea, Wasomali wanaopanda kutoka Kisenyi, na kando ya foleni kuna vinyozi, wauza simu, na vijana wa boda. Foleni ni ndefu, maneno lazima yawe mengi. Kwa hiyo mpira.

Ukisikiliza kwa makini unaona kwamba maoni yenyewe yana aina zake, na mengine ni mazuri kweli. Kuna mzee mmoja kinyozi, yeye ni Kibuli damu, na anakumbuka mechi za zamani kama mtu anayesimulia ukoo: nani alipiga kona, nani aliteleza, mvua ilianza dakika ya ngapi. Sijui kama yote yalitokea, lakini anakupa picha, na mwisho wa hadithi yake unamheshimu hata yule kipa wa Kitende aliyewanyima ushindi. Hilo ndilo jambo ninalolipenda. Shabiki mzuri huwa anamjenga adui yake, maana ukimshusha sana, kumfunga kunakuwa hakuna maana. Na kuna kichekesho kingine hapa: kwa miaka mingi Waislamu wa Uganda wamekuwa na uongozi mmoja Old Kampala na mwingine Kibuli, haupatani. Lakini siku ya mpira kinyozi wangu ananyoa chini ya kivuli cha msikiti wa Old Kampala huku moyo wote uko Kibuli, na hakuna anayemuuliza.

Halafu kuna mashabiki wahasibu. Hao hoja yao ni pesa: Kitende wananunua, wengine wanalea. Ni hoja yenye nguvu, ila inachechemea, kwa sababu shule zote kubwa zinatafuta vipaji na zinatoa basari za mpira. Mwenye timu ndogo ana haki ya kusema hivyo. Shabiki wa shule kubwa moja akiilaumu shule kubwa nyingine, hapo nanywa chai yangu tu.

Na kuna utani. Utani wa umri ni sanaa ya Kampala, lazima niseme ukweli. Nimesikia mtu akimwomba refa amalize mechi mapema kwa sababu namba nane ana kikao cha wazazi shuleni kwa mtoto wake. Nimesikia kwamba beki fulani benki inamtafuta kwa mkopo wa 1998. Nilicheka mpaka machozi. Utani kama huo ni mzuri kwa sababu umepitiliza: hakuna mtu mwenye akili anayeamini habari za mkopo, hata yule beki mwenyewe anaweza kugeuka akatabasamu. Uongo wake uko wazi, basi haumuumizi mtu.

Musajja mukulu si utani. Haina chumvi yoyote ndani yake. Inasemwa kama hukumu, na aliyeisema kwa kawaida anaongeza: waangalie karatasi zake. Kama kazi ya lugha ni mbovu, maana mtu ametazama dakika tisini za mpira na kitu pekee alichokiona ni kidevu. Lakini ubovu wa lugha tungeusamehe. Shida ni kwamba ndani ya maneno hayo mawili wamefunga mashtaka matatu kwa kamba moja: kwamba kijana ni mkubwa kuliko anavyosema, kwamba si mwanafunzi, na kwamba si wa hapa. Ukijibu la kwanza, wanahamia la pili. Ukijibu la pili, wanakuuliza jina la babu yako.

Tuanze na umri. Wengi wetu tunaijua ile tarehe: 1 mwezi wa 1. Fungua karatasi za familia kumi hapa, utakuta watu waliozaliwa wote siku ya mwaka mpya, kana kwamba Masisi na Fizi wanawake walikuwa wanasubiri kengele. Mama alikimbia usiku, cheti kilibaki, au hakikuwahi kuandikwa. Anaulizwa mwaka, anakadiria, na siku na mwezi mashine inajaziwa hivyo. Hiyo karatasi ni halali. Si udanganyifu, ni makadirio ya mtu mwingine yaliyopigwa muhuri. Lakini pembeni ya uwanja, tarehe ya 1/1 inasomwa kama ushahidi wa wizi.

Kisha darasa. Hapa ndipo shabiki anachanganya mambo mawili ambayo hayafanani. Kijana amefika kutoka Kivu ana miaka kumi na minne, alikuwa anasoma kwa Kifaransa, na miaka miwili hakusoma kabisa kwa sababu ya njia. Hana matokeo ya PLE kama mwenzake aliyeanzia darasa la kwanza hapa. Hajui Kiingereza. Anarudishwa nyuma madarasa mawili, matatu. Ndiyo maana unamkuta na miaka kumi na saba yuko S2, anakaa benchi moja na watoto wanaomfika kifuani. Ni mkubwa darasani, hilo halina ubishi. Lakini mashindano yanaweka kikomo cha umri. Hayaulizi ulipaswa kuwa darasa gani. Kijana wa kumi na saba aliye S2 havunji sheria yoyote kwa kuwa na miguu mirefu. Shabiki anaona S2, anaona ndevu, anajumlisha, anapata wizi. Hesabu imekosewa, na anayelipa ni mtoto.

Sisemi udanganyifu haupo. Upo, na kila anayependa mpira wa vijana anajua hivyo, Uganda, Kenya, Kongo, kote. Mtu wa miaka ishirini na tatu akivaa sare ya shule anamnyang'anya mtoto wa kweli nafasi, na mara nyingi mtoto huyo naye ni maskini aliyekuwa anategemea basari hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la umri ni halali. Ninachokataa ni mahali linapoulizwa, na nani anaulizwa. Hata FIFA, na pesa zake zote, jambo hili limewasumbua. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria 2009 walianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono: mfupa ukishaungana kabisa, unahesabiwa umepita 17. Basi. Kipimo hicho hakikuambii mtu alizaliwa lini, na ukimleta wa miaka 18 na wa miaka 21 hakiwezi kuwatenganisha. Ikiwa mashine ya hospitali inasita, yule jamaa wa mahindi ya kuchoma anajuaje kutoka mita arobaini?

Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Oktoba 2020 kule Ujerumani, vijana wa Dortmund chini ya miaka 19 walicheza na wenzao wa Schalke, majirani wasiopendana. Youssoufa Moukoko, mzaliwa wa Kameruni, alikuwa na miaka 15 kwa mujibu wa karatasi, akafunga magoli yote matatu, 3–2. Mashabiki wa Schalke wakamtukana vibaya mpaka klabu yao ikaomba radhi. Mjadala kuhusu umri wake haujaisha hadi leo, na wanaotaka kuuendeleza wana nyaraka za kufuatilia na ofisi za kugonga mlango. Waliokuwa wanatukana siku ile hawakuwa wanatafuta nyaraka. Walikuwa wamefungwa magoli matatu.

Sasa nije nyumbani kidogo, maana kuwasema wenyeji tu ni rahisi. Sisi Wakongomani wa Old Kampala tuna tabia yetu. Shule ikiwa na mtoto wetu na akafunga, utasikia mpaka Mengo: "Ule ni mutoto wa kwetu!" Wiki inayofuata shule pinzani ikiwa na kijana Msudani mrefu, ni sisi wa kwanza kusema huyo ana watoto wanne. Yaani tumejifunza matusi ya mji haraka kuliko lugha ya mji. Na mimi nasema kama lile neno ni baya likitupigwa sisi, halibadiliki likitoka kwetu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima, mna sentensi yenu pia. Kila kikao cha michezo na vijana lazima atajwe Alphonso Davies, aliyezaliwa kambini Ghana akafika Bayern Munich. Ni hadithi ya kweli na ni nzuri. Ila familia yake ilihamia Kanada yeye akiwa na miaka mitano. Alicheza shule akiwa na karatasi za nchi inayomtaka. Mkimtaja mbele ya kijana wa S2 mwenye 1/1 kwenye kadi, mnamwambia kwamba kilichobaki ni juhudi, wakati kilichobaki ni mtu wa kukaa naye katika ofisi ya mwalimu wa michezo, na karatasi mkononi, kabla ya usajili wa mashindano kufungwa. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Nimeifanya mara kadhaa. Mara nyingine inafanikiwa kwa dakika kumi, kwa sababu mwalimu hakuwa mbaya, alikuwa tu hajawahi kueleweshwa kwa nini watoto wetu wote wamezaliwa Januari.

Kuna kijana mmoja katika kundi letu, shule yake siitaji, alikuja akiwa mshambuliaji. Namba tisa kabisa, mwenye ile haraka ya kugeuka ambayo haifundishwi. Karatasi zake ziko sawa, shule imezikubali, amesajiliwa. Mwaka jana katika mechi za wilaya alifunga mawili, na nusu nzima ya pili upande mmoja wa uwanja ulimwimbia yale maneno mawili. Muhula uliofuata alimwomba kocha ahamie beki wa kushoto. Kocha alifikiri ni mambo ya mbinu. Nilipomuuliza mwenyewe, aliniambia beki wa kushoto hakuna anayemtazama usoni. Anacheza vizuri tu pale. Hapandi mbele hata kwenye kona.