Fanani Asiye na Jina: Kisa cha Tutwiler

Wataalamu wa fasihi simulizi wamesisitiza kwamba wimbo haukamiliki pasipo fanani, hadhira na mahali pa utendaji. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa hali inakuwaje pale ambapo msikilizaji hakwenda kuutafuta wimbo wenyewe. Kisa kinachofaa kutuongoza ni kile anachokisimulia mwanamuziki Mmarekani Mweusi, W. C. Handy, katika tawasifu yake, Father of the Blues (1941).

Yapata mwaka 1903, Handy alikuwa kiongozi wa bendi mjini Clarksdale, jimbo la Mississippi. Usiku mmoja, akisinzia katika stesheni ya Tutwiler huku akisubiri garimoshi lililochelewa, alizindushwa na mtu aliyekuwa kando yake akipiga gita kwa kukandamiza kisu juu ya nyuzi. Mwimbaji huyo aliurudia mshororo mmoja mara tatu, akitaja mahali reli mbili zinapokatana.

Mhakiki aliyezoea ushairi andishi aweza kuuona urudiaji huo kuwa ufukara wa mawazo. Sivyo. Katika utanzu wa bluzi, ala huijibu sauti. Kwa hiyo mshororo unaporudiwa hauwi ule ule, kwani umekwisha kujibiwa. Maana imo katika majibizano hayo, wala haimo katika maneno peke yake.

Aidha, utendaji huu haukuagizwa na mtafiti yeyote. Mwimbaji hakupunguza wala kurembesha kitu kwa ajili ya kinasasauti. Hiyo ndiyo faida ya sadfa. Hasara yake ni kwamba Handy anatueleza matambara aliyovaa mtu huyo na miguu iliyochungulia viatuni, lakini jina hatupi. Baadaye Handy alichapisha "Yellow Dog Blues", wimbo unaotaja njia panda ile ile, kwa jina lake mwenyewe. Hatudai kwamba aliiba, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia deni hilo. Tunachodai ni kwamba maandishi yalimhifadhi msikilizaji yakamwacha fanani.

Suala hili latuhusu. Mtafiti wetu anayekutana na mpiga nyatiti sokoni, akiwa katika shughuli nyingine, hana budi kuuliza jina kabla ya kuuliza maana. Kuandika "mzee mmoja" ni kumnyang'anya msanii utunzi wake, hata kama kila neno limenukuliwa kwa usahihi.